Dungu la kuwindia kulungu: anza na njia ya kuingilia, mti utafuata

SWALI: Mzee, jambo sana. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa niko Erie, Pennsylvania, mwaka wa sita. Nimemaliza kozi ya usalama wa uwindaji na leseni ninayo. Mkulima mmoja kusini mwa mji amenipa ruhusa ya kuwinda kwenye msitu wake wa ekari kama 40. Upande wa kusini wa msitu kuna shamba la mahindi, upande wa mashariki kuna kijito. Ndani, upande wa kaskazini, nimekuta kichaka kizito chenye njia nyingi za kulungu na mahali wanapolala. Nataka kuweka kiti cha ngazi pale pale katikati yao. Mwenzangu wa kazini anasema hapana, niweke ukingoni mwa mahindi. Nani ana haki? Na niweke lini? Mke wangu naye anaogopa nitaanguka.

JIBU: Ndugu yangu, jambo. Wote wawili mmeanzia mwisho. Mmechagua pa kukaa kabla ya kuchagua pa kupita, na kulungu wengi hupotea wakati mwindaji bado anatembea kwenda kwenye kiti chake, saa nzima kabla jua halijatoka, wala yeye mwenyewe hajui kwamba siku yake imekwisha.

Kwanza tukubaliane maneno. Kiti cha juu cha namna hii kwetu Handeni ni dungu, basi nitakiita hivyo. Na mnyama nitamwita kulungu kama tulivyozoea huku, ingawa ukilitaja jina hilo mbele ya msasi wa Tanzania atafikiria mbawala, ambaye pembe zake hazidondoki maisha. Huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe ni jamaa wa ayala wa Zaburi: dume huangusha pembe kila mwaka majira ya baridi na kuota nyingine.

Babu yangu alikuwa na dungu kwenye shamba la mahindi. Alikaa juu usiku kucha akipiga debe na kuimba ili nguruwe na nyani wasije. Mimi nilipofika huku nikadhani kazi ni ile ile, ila bila kelele. Nilikosea msimu mzima. Babu hakujali harufu yake inakwenda wapi. Ikiwafikia nguruwe, heri. Kwako wewe harufu ndiyo habari yote. Kulungu akiona kitu cha ajabu atasimama, atakitazama, pengine atapiga hatua mbili kukikaribia. Akisikia kijiti kimekatika atatega masikio na kusubiri. Akinusa mtu hasubiri: atapiga pua kwa kishindo, atainua ule mkia mweupe kama bendera, na wote walio karibu watamfuata.

Sasa tazama msitu wako. Wana malalo, ambayo ndiyo kile kichaka cha kaskazini, na wana malisho, ambayo kwa sasa ni mahindi ya kusini. Jioni hutoka malaloni kwenda malishoni, usiku hula, alfajiri hurudi. Ukiweka dungu katikati ya malalo, itakubidi uingie chumbani mwao na kutoka chumbani mwao. Mara ya kwanza watakukimbia. Mara ya pili au ya tatu wale wakubwa watahamia kwa jirani, hasa kwenye msitu mdogo wa ekari 40 ambamo hakuna mahali pa kujificha mbali nawe. Malalo yaache kabisa. Umeyaona mara moja, inatosha, usirudi tena kuhakikisha.

Shauri la mwenzako si baya, ila ni nusu. Ukingoni mwa mahindi utawaona wengi, tena utafurahi kuwaona. Shida ni mbili. Kulungu mkubwa mara nyingi hungoja ndani ya miti mpaka giza liingie ndipo atoke shambani, na giza likiingia saa zako za kisheria zinaelekea kwisha: Pennsylvania ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Shida ya pili ni kushuka. Saa za kuwinda zimekwisha, shamba limejaa kulungu wanakula, na wewe uko juu yao. Utashukaje bila kuwafundisha kwamba mti ule una mtu? Alfajiri ni vivyo hivyo: ukikatiza shambani na tochi, unawakuta mezani.

Ningekuwa wewe ningekaa katikati ya safari yao, hatua mia hivi kutoka kwenye mahindi kuingia ndani ya msitu, karibu na njia yao ya jioni, na si juu ya njia yenyewe. Hapo wanapita bado kuna mwanga, na ukishuka usiku wao wamekwisha fika shambani.

Upande gani wa njia? Hapa ndipo upepo unapoamua. Wewe wa Uvira hufundishwi habari hii. Unajua usiku hewa ya baridi inavyoshuka kutoka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika, na mchana inavyogeuka. Kwenye mabonde madogo ya Pennsylvania ni hali hiyo hiyo kwa kipimo cha kitoto: jua likipasha mteremko asubuhi, hewa hupanda nao, jua likizama hewa hupoa na kutiririka chini kama maji, ikifuata korongo na kijito. Siku ya upepo mkali huioni. Siku tulivu, ambayo ndiyo kila mtu anaipenda, ndiyo inayobeba harufu yako bila wewe kuhisi chochote shavuni.

Kwa ramani uliyonieleza, kulungu wanatembea kutoka kaskazini kwenda kusini. Upepo wa kawaida huku hutoka upande wa magharibi, mara kusini-magharibi, mara kaskazini-magharibi baada ya baridi mpya kuingia. Basi kaa mashariki mwa njia yao, upande wa kijito. Harufu yako itapelekwa mashariki, mbali nao, na jioni itadondokea kwenye kijito. Uingie kwa kijito hicho hicho, ukitembea ndani ya maji au kwenye mchanga wa ukingo, umejificha chini ya kingo, hukatizi njia yao hata mara moja. Kama kulungu nao wanakitumia kijito hicho kama barabara, hesabu inabadilika. Tafuta nyayo kwenye tope kabla hujaamua. Na ujue unalipa gharama moja: ukikaa mashariki ukitazama magharibi, jua la jioni litakupiga machoni. Mimi nakubali gharama hiyo. Jua huzama likaisha, lakini pua ya kulungu haipumziki.

Angalizo la watu wa Erie. Wakati wa joto Ziwa Erie hupuliza hewa kuelekea nchi kavu mchana, kwa hiyo upepo unaoupima mwezi wa nane karibu na ziwa unaweza kukudanganya juu ya ule wa Novemba. Chukua chupa ndogo ya poda, uminye kidogo ukiwa pale utakapokaa, uone vumbi linakwenda wapi, na ufanye hivyo siku zaidi ya moja.

Jambo jingine litakalokudanganya mwezi wa nane ni chakula. Mahindi ni ya sasa. Oktoba mkulima anaweza kuwa ameshayavuna, na hata kama hajayavuna, mialoni itaanza kudondosha tunda. Ukiwa na mialoni mizuri msituni, kulungu watayasahau mahindi kwa wiki kadhaa. Jifunze kutofautisha miwili. Mwaloni mweupe una majani yenye ncha za mviringo. Tunda lake hukomaa mwaka huo huo na lina uchungu kidogo, ndilo wanalolikimbilia kwanza. Mwaloni mwekundu una majani yenye ncha kali. Tunda lake huchukua miaka miwili na ni chungu zaidi, hivyo hubaki chini likaliwa baadaye. Si kila mwaka mwaloni mweupe huzaa. Chukua darubini sasa hivi, tazama matawi ya juu, hesabu. Ukikuta mwaloni mweupe wenye matunda kati ya malalo na mahindi, upande wako wa kijito, hapo nisingesita tena.

Tafuta pia michubuo ya mwaka jana: mashina membamba yaliyokwanguliwa gome na pembe. Michubuo kadhaa iliyojipanga mstari ni njia ya dume, na mara nyingi upande uliochubuliwa ndio upande aliokuwa akitokea. Alama hizi zina thamani kubwa kuelekea katikati ya Novemba, wakati wa kupandana, ambapo dume husahau ratiba ya chakula na kuzunguka malalo ya majike mchana kweupe. Msimu wa mishale huwa bado unaendelea siku za mwanzo za pilikapilika hiyo.

Tuje kwenye mti. Usinichekee, lakini mti ndio jambo la mwisho, na watu huanza nao kwa sababu ndio unaoonekana. Uwe hai, umenyooka, na unene wake uwe ndani ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa dungu lako. Jihadhari na mti unaoitwa eshi. Mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Pennsylvania mwaka 2007 na ameua miti hiyo kwa wingi mno. Imesimama mikavu, imenyooka vizuri, inavutia macho ya mgeni, na huvunjika bila taarifa. Ukiona gome limechubuka kwa vipande vyeupe na matundu madogo yenye umbo la herufi D, usiufunge kitu, na usiweke dungu mahali ambapo mti wa namna hiyo unaweza kuangukia. Epuka pia mti ambao gome lake linabanduka kwa vibao virefu, maana mkanda utashika gome badala ya shina.

Halafu fikiria mti huo utakavyokuwa ukiwa uchi. Leo umezungukwa na majani, unajiona mzimu. Mwisho wa Oktoba majani yatakuwa chini na wewe utaonekana kama tai kwenye mlingoti wa simu. Unachohitaji ni kitu cha nyuma yako na pembeni: hemloki ambayo haipukutishi, mti wenye mashina mawili matatu, au mialoni michanga na miti ya bichi, ambayo hushikilia majani yake makavu hadi ndani ya majira ya baridi. Kulungu hatambui sana sura ya mtu iliyovunjwavunjwa na matawi, ila anatambua mkono uliosogea mbele ya anga tupu.

Urefu usikusumbue. Kuna vijana wanapanda futi 25 na kujisifu. Kadiri unavyopanda ndivyo mshale unavyoshuka kwa pembe kali, na sehemu ya kupiga inazidi kuwa nyembamba. Futi 15 hadi 18, mita tano hivi, yatosha kama una kificho nyuma. Kwa upinde wa kifyatuo panga ili njia yao ipite hatua 20 mpaka 25 kutoka mtini. Karibu kuliko hapo watakuona ukijiandaa.

Aina ya dungu uliyochagua inafaa. Dungu la ngazi ni zito na huwezi kulihamisha kila wiki, lakini kwa mtu anayeanza, kwenye ardhi ya mtu aliyempa ruhusa, ndilo tulivu kuliko mengine. La kuning'iniza kwa mikanda ni jepesi, ila hatari yake iko pale unapovuka kutoka kwenye vipandio kuingia kwenye jukwaa. Lile la kupanda nalo linataka mti ulionyooka kama nguzo usio na tawi. Kukiwa na mtu anayeogopa urefu, kibanda cha turubai chini ni heshima tupu, mradi ukisimamishe wiki kadhaa mapema na ukifunike matawi.

Sasa mke wako, ambaye katika barua yako yote ndiye aliyesema neno zito kuliko yote. Kuanguka kutoka mtini huumiza wawindaji vibaya kuliko wengi wanavyodhani, na wengi huanguka wakati wa kupanda, kushuka, au kufunga dungu lenyewe, sio wakati wa kukaa. Mwaka wangu wa tatu nilipanda dungu nililoliacha mtini misimu miwili. Jua lilikuwa limeoza mkanda, na mti ulikuwa umenenepa ukaukaza. Ulikatika nikiwa futi nne kutoka chini. Nilicheka siku ile. Jioni nikiwa kitandani nilifikiria futi 16 na sikucheka tena.

Kwa hiyo: mkanda wa mwili mzima wenye kamba za mapajani, sio ule wa kiunoni. Kamba ya uokozi inayoanzia juu ya kiti mpaka chini, yenye fundo linaloteleza ukilisogeza kwa mkono na kubana ukivutwa ghafla. Ujifunge nayo miguu ikiwa bado ardhini, usijifungue mpaka miguu irudi ardhini. Ukikaa, pale mkanda wako unapoungana na kamba ya mtini pawe juu ya kichwa na kamba isilegee. Ukining'inia kwenye mkanda muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hukwama chini na unaweza kupoteza fahamu, basi beba ule ukanda mdogo wa kukanyagia na ujue kuutumia. Simu mfuko wa kifuani, sio ndani ya begi linaloning'inia mbali nawe. Silaha ipande kwa kamba baada yako, bunduki tupu, upinde bila mshale. Na mwachie mama mchoro wa msitu wenye alama ya mti na saa ya kurudi. Kuusimamisha huo mtambo usiende peke yako. Watatu ndio hesabu nzuri, wawili wakisukuma ngazi shinani huku mmoja akifunga.

Lini? Sasa, mwisho wa Agosti au siku za mwanzo za Septemba, mchana, siku yenye upepo au mvua nyepesi inayofuta harufu. Siku hiyo hiyo punguza matawi yanayoziba mbele, kwa idhini ya mkulima, vichochoro viwili vitatu vya kupigia, sio uwanja wa mpira. Safisha pia njia ya kuingilia: vijiti vikavu viondoe, kwa sababu Oktoba utapita hapo gizani. Kisha ondoka, usikanyage tena mpaka siku ya kuwinda. Ukiwa na kamera ya mtini, iweke mahali unapoweza kuifikia kutoka ukingoni.

Siku ukitaka kujaribu ardhi ya umma, kumbuka sheria ni nyingine. Kwenye ardhi za wanyama za jimbo la Pennsylvania dungu linaruhusiwa kukaa kuanzia wiki mbili kabla ya msimu wa kwanza wa kulungu hadi wiki mbili baada ya wa mwisho, liwe na kibandiko chenye jina na anwani yako au namba yako ya mteja wa leseni, na lisijeruhi mti: hakuna misumari, hakuna vipandio vya kuskurubu. Wala halikupi hati ya kumiliki mahali hapo. Na kwako pale kwa mkulima, usimwage mahindi wala chumvi chini ya dungu. Kuwinda kwa chambo ni kosa huko kwenu, na mahali palipowekwa chambo panahesabiwa hivyo mpaka siku 30 baada ya kuondolewa chote. Muulize mkulima kama yeye au jirani ameweka jiwe la chumvi la ng'ombe karibu, na umuulize mapema.

Msimu wa bunduki, unaoanza Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani tangu 2019, utavaa rangi ya chungwa inayong'aa, inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja. Usiogope kwamba itakuumbua: macho ya kulungu ni dhaifu kwa nyekundu na chungwa. Buluu ndiyo anayoiona vizuri, kwa hiyo suruali ya jinzi iache nyumbani.

Kuna siku upepo utatoka mashariki. Utaamka saa kumi usiku, umeomba ruhusa kazini, kahawa iko tayari, na upepo umegeuka. Siku hiyo usilipande dungu lako. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya lita 20, pitia upande wa magharibi, ukae juu yake umeegemea mwaloni. Mimi nina dungu la dola mia mbili na ndoo niliyoiokota kwenye jengo linalokarabatiwa, na mwaka juzi nyama yote ya nyumbani ilitoka kwenye ndoo.